Mlango Uliofungwa kwa Nje

Abu Hamour, Doha
Sabato alasiri, Aprili

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, nikiomba barua hii ikukute umekaa chini, si umesimama mlangoni ukiisoma haraka haraka. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyokutumia mwezi wa kwanza unaipaka, ama umeifungia kabatini pamoja na zile zingine, ukingoja uwe mgonjwa wa kutosha? Nakujua, Mama. Na ng'ombe ameshazaa? Na yule mzee wa kanisa aliyekuwa amelazwa Nyamira, ametoka? Mimi mwili uko sawa. Nakula, kazini naenda, na usingizi unakuja siku zingine. Hayo ndiyo ya kusema haraka. Yaliyobaki yanataka nafasi, ndiyo maana ya karatasi zote hizi.

Utajiuliza imekuwaje nikuandikie barua, mimi ninayekupigia video kila Jumapili hadi unaniambia nikate ukakamue. Nimejaribu kukuambia kwa simu. Jumapili ile uliyoniuliza mbona nimekonda, nilikuwa nimeapa kwamba siku hiyo haitapita. Kisha nikaona uso wako, nikaanza kukuuliza habari za majani chai. Kwenye barua huwezi kuniangalia na huwezi kunikatiza. Nivumilie hadi mwisho.

Huyo msichana aliyefika na barua hii, mwenye miwani myeusi, anaitwa Loice. Aliyemshika mkono hadi mlangoni kwako ni Tiffany, tunayeishi naye fleti moja, amekuja nyumbani kwa likizo. Kabla hujaendelea, tafadhali mpe Loice chai, umkalishe mahali ambapo hatajikwaa, na umwonyeshe choo kwa kumshika mkono, si kwa kuelekeza kidole. Jicho la kushoto halioni kabisa. La kulia linaona mwanga, na kivuli cha mtu akisimama karibu. Aliumia ndani ya nyumba yangu, akinifanyia kazi. Ninachokuomba ni umpokee akae kwako. Lakini sitaki umpokee kwa huruma ya kudanganywa, kwa hiyo nitakueleza ilivyokuwa, halafu wewe ndiwe utakayeamua.

Huku hakuna masika ya kutuambia mwaka umegeuka. Kinachotuambia ni vumbi. Machi ikiisha, upepo unavuma kutoka jangwani na vumbi linaingia hata ambapo hakuna tundu. Unaamka unalitema. Na kabla joto halijatukalia, kila nyumba inafanyiwa usafi mkubwa: mapazia yanashushwa, mazulia yanapigwa, vichujio vya viyoyozi vinaoshwa, makochi yanavutwa na kila mtu anaona aibu yake. Mwaka huu kulikuwa na la ziada. Wakala wa mwenye jengo alituma ujumbe kwamba atapita kukagua kila fleti kabla ya kuongeza mikataba, na tukasikia kuna wapangaji ghorofa ya juu walioambiwa watafute kwingine kwa sababu ya mende. Mende, Mama, sisi tulikuwa nao wakubwa wa kutosha kulipa kodi. Na bafu la nyuma lilikuwa limeziba, maji yanasimama hadi kwenye vifundo vya miguu.

Mimi nilikuwa nafanya zamu mfululizo kwa sababu wenzangu wengi walikuwa likizo. Tiffany yuko mapokezi kwenye ofisi ya madaktari wa meno huko Al Thumama, anatoka asubuhi na kurudi jioni, akifika anavua viatu na kulala navyo kifuani. Tulianza kununiana. Mimi nikimwambia jiko ni lake, yeye akiniambia nywele zilizoziba bafu si zake, maana yeye ananyoa. Mwishowe tukakubaliana kwamba sisi si wanawake wa kufanya usafi huo, tutafute mtu.

Kampuni za usafi ziko, tena zinakuja na mashine za mvuke na vijana wenye sare. Zote tulizopigia zilikuwa zimejaa hadi baada ya ukaguzi. Basi tukafanya wanavyofanya wengi wetu huku, tukatafuta kemboi. Usicheke. Ndivyo Wakenya wa huku wanavyomwita dada aliyetoroka kwa kafili, yaani yule mwajiri aliyemleta nchini, akawa anajitafutia vibarua vya kuosha na kupiga pasi kwenye nyumba za watu. Ni jina la yule mwanariadha wetu, wanapewa kwa utani kwa sababu wanajua kukimbia. Karatasi zake ziko kwa kafili, yeye yuko mtaani. Akikamatwa anarudishwa kwao, na aliyempa kazi anashtakiwa. Kwa muuguzi kama mimi, kesi kama hiyo ni leseni kwenda, kazi kwenda, na mimi mwenyewe kupandishwa ndege.

Loice nilipewa na akina mama wa kanisani. Alikuwa amefanya kazi kwenye nyumba moja kubwa Al Rayyan, akipikia na kuoshea ukoo mzima, bila siku ya kupumzika hata moja. Siku alipoambiwa aende pia kuosha kwa mama mkwe wa madamu, alitoa takataka nje kama kawaida, akaiacha pale kwenye pipa na kuendelea kutembea. Hivyo ndivyo alivyotoroka, na ndara miguuni. Alinisimulia akicheka. Ni mcheshi sana, Mama, utamwona akishakuzoea. Alifika kwetu kwanza kuangalia kazi, akapita chumba kwa chumba akigusa vitu na kidole, akatuambia kwamba ametumwa na Mungu lakini Mungu naye angemwonya mapema. Tulimpenda hapo hapo. Tiffany alimpa gauni, mimi nikampa wali na maharagwe, akala akiwa amesimama kwa sababu makochi, alisema, anayaogopa.

Sasa kuna utaratibu ambao hakuna aliyeuandika lakini sisi wote huku tunaujua. Kemboi anaingia alfajiri, mlinzi wa jengo akiwa kwenye sala au kwenye chai. Wewe ukitoka kwenda kazini unamfungia kwa nje na kuondoka na funguo. Mlango ukiwa umefungwa kwa nje, mlinzi na wakala wakipita wanajua hakuna mtu. Yeye ndani hafungulii redio, hachungulii dirishani, na mlango ukigongwa hajibu, hata aitwe kwa jina la mama yake. Jioni unamfungulia, unamlipa, anatoka ameshika mfuko wa takataka kama mtu wa nyumba. Sikuuvumbua mimi. Nimeuona kwa wauguzi, kwa makarani, hata kwa mke wa mchungaji mmoja ambaye sitamtaja. Loice mwenyewe asubuhi ile ndiye aliyenikumbusha nisisahau kugeuza ufunguo mara ya pili.

Lakini mimi nilimwongezea. Nilimsimamisha pale sebuleni nikamwambia, kwa hii sauti yangu ya wodini unayoijua, kwamba wiki hii wakala anazungukazunguka, kwa hiyo akisikia mlango ukigongwa asipumue hata. Akasema sawa, dada. Nikamwonyesha dawa za kazi: sabuni, jiki, dawa ya mende, na chupa ya asidi ya kuzibulia mabomba niliyoinunua mwenyewe kwenye duka la vifaa hapa Abu Hamour. Mwenye duka alikuwa ameniuliza kama nataka ile kali au ile ya kawaida. Nikamwambia ile kali. Glavu nilimpa. Miwani ya kukinga macho sikufikiria, na wodini kwetu imejaa droo.

Kitu kingine ambacho sikufikiria ni maji. Kwenye lifti kulikuwa na tangazo kwamba siku hiyo matangi ya juu yataoshwa na maji yatafungwa kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri. Nililiona. Nililisoma siku iliyotangulia nikiwa na mifuko ya vitu mikono yote miwili, nikasema nitakumbuka. Asubuhi sikukumbuka. Nikafunga mlango, nikajaribu kitasa mara mbili kama kawaida yangu, nikashuka.

Yaliyofuata nimeyapata kwake, kidogo kidogo, kando ya kitanda. Alianza na jiko na vyumba, akaliacha bafu la nyuma kwa sababu ndilo baya zaidi. Maji yalipokatika alidhani ni mambo ya muda mfupi. Alikuwa amejaza ndoo, zingine za sabuni, nyingine ya jiki. Akaona badala ya kukaa bure, amwage asidi kwenye bomba lililoziba, ifanye kazi yake wakati anangoja maji. Akamwaga, akainama kutazama kama inashuka. Haikushuka, Mama. Ilichemka ikarudi juu kwa mpigo, ikamkuta usoni.

Alifungua bomba la sinki, likakohoa hewa. Akapapasa ndoo. Ya kwanza aliyoishika ikawa ile ya jiki, akajimwagia. Hapo ndipo alipopiga kelele mara moja, kisha akajiziba mdomo kwa taulo, kwa sababu nilimwambia asisikike. Unasoma, Mama? Msichana anaungua macho na anajiziba mdomo kwa sababu mimi nilimwambia asisikike. Simu alikuwa nayo, lakini simu hizi za kugusa kioo, mtu asiyeona atagusa wapi? Aliipapasa hadi ikamponyoka. Alitambaa hadi jikoni akitafuta maji ya kunywa, akapata chupa moja iliyokuwa nusu, akaimaliza kwenye jicho la kulia. Ndiyo maana hilo linaona kivuli.

Aliposhindwa kabisa, alitambaa hadi mlangoni akagonga. Aligonga kwa kiganja, halafu kwa kiatu. Baada ya muda akasikia sauti ya mwanamume upande wa pili ikiuliza, kwa Kiswahili, ni nani humo ndani. Akanyamaza. Akakumbuka wakala. Sauti ikauliza tena, akashika pumzi kama nilivyomwagiza. Kisha viatu vikaondoka. Hakugonga tena baada ya hapo. Aliketi ameegemea mlango hadi niliporudi jioni na kuufungua, na ukakataa kufunguka kwa sababu uzito wake ulikuwa umeuegemea.

Mama, mimi ni muuguzi, nimeona mengi. Yale sitakuandikia. Maji yalikuwa yamesharudi bila yeye kuyasikia, nilimwosha macho pale pale sakafuni huku nikilia kwa sauti, na yeye ndiye aliyekuwa akiniambia ninyamaze nisije nikasikika. Nilimtelemsha kwa lifti. Mlinzi wetu, kijana wa Uganda anaitwa Ronnie, alituona, hakuuliza kitu. Alimshika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukamwingiza kwenye teksi. Hospitali tuliyompeleka walimpokea bila kuuliza karatasi, na hilo nawashukuru hadi leo.

Karatasi ziliulizwa baadaye, na askari. Walikuja wawili, na mkalimani, wakasimama kando ya kitanda chake. Mimi nilikuwa pale, bado na sare yangu ya kazi. Walitaka kujua nyumba gani na nani alimpa kazi. Nilijua akisema tu jina langu, nimekwisha. Loice akawaambia hajui nyumba, alichukuliwa na gari na wanawake asiowafahamu, wakamshusha barabarani baada ya kuungua, na huyu dada muuguzi alikuwa anapita ndiye aliyemwokota. Walimuuliza kwa njia nyingi. Hakubadilisha. Askari mmoja akaniambia, kupitia kwa mkalimani, kwamba nimefanya jambo jema. Nikasema asante.

Yule kafili wa Al Rayyan alipopigiwa simu, tulidhani atakuja na moto. Hakuja hata. Alisema hamtaki tena, khalas, yamekwisha, aende kwao, na akaifuta kesi ya kutoroka aliyokuwa amemfungulia. Kwa hiyo Loice hakufungwa. Ubalozi ulimtolea karatasi ya kusafiria na akina mama wa kanisa wakachanga tiketi. Kilichobaki kilikuwa aende wapi. Kwao ni upande wa Kitale. Mama yake alifariki yeye akiwa huku, hakuruhusiwa kwenda kumzika. Mjomba aliyemlea nilimpigia mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba msichana alitumwa kutafuta, na mtu asiyeona atakuja kutafuta nini pale kwake. Akakata. Nilipomfikishia Loice maneno hayo, nikiyapunguza makali, alisema tu kwamba mjomba ana watoto wengi. Hapo ndipo nilipotaja nyumba yako, kile chumba changu chenye dirisha la kuelekea zizini. Akaniuliza kama wewe ni mkali. Nikamwambia mkali sana, lakini si kwa wageni.

Watu wa kanisani wanajua hadi hapo. Tiffany anajua hadi hapo. Wamenionea huruma, Mama. Wanasema ingeweza kuwa nyumba ya yeyote kati yao, maana wote wanafunga milango kwa nje, na ni kweli. Mama mmoja alisimama kwenye maombi akamshukuru Mungu kwa ajili yangu, kwa jinsi nilivyomhudumia Loice bila kuchoka, nikimpikia, nikimtia dawa, nikilala kwenye kiti. Nilikaa pale nikaitikia amina. Sasa nakuambia ambacho hawajui.

Ronnie alinipigia.

Viatu vile vilivyoondoka mlangoni vilikuwa vya Ronnie, na viliondoka kuja kunipigia simu. Nilikuwa wodini, naandaa dawa za saa sita. Simu ilikuwa mfukoni, iko sawa, ina chaji. Nikapokea.

"Dada Rael, pole kwa kukusumbua kazini," akaniambia. "Kuna mtu anagonga mlango wako kutoka ndani. Nimeuliza ni nani, akanyamaza. Mko na mtu?"

"Hatuna mtu," nikasema. "Ni mashine ya kufua, tuliiacha inazunguka."

"Dada, maji yamefungwa jengo zima tangu saa nne. Wanaosha matangi."

"Basi ni dirisha. Ronnie, niko na wagonjwa."

"Sawa, dada. Niko na nyundo hapa chini. Nilitaka tu kujua kama nivunje."

Nikamwambia asivunje. Nikamwambia mwenye jengo atatulipisha kitasa. Nikakata, nikaendelea kupanga dawa kwenye vikombe, na hata moja sikukosea.

Usinitafutie udhuru, Mama. Najua utaanza, utasema sikujua. Nilijua. Mtu ambaye mimi mwenyewe nimemwambia asipumue hagongi mlango kwa mchezo. Nilijua ni Loice, nilijua ana shida, na aliponikumbusha Ronnie habari ya maji nikazidi kujua. Lakini nilimsikia Ronnie akisema "mko na mtu" na nikaona wakala amesimama kando yake akisikiliza, nikaona askari, nikaona jina langu likitolewa kwenye orodha ya wauguzi. Hakukuwa na wakala. Ronnie alikuwa peke yake. Nimemuuliza tangu hapo, akanijibu kwa neno moja bila kuniangalia, na siku hizi nikipita pale chini anajishughulisha na simu yake. Amekaa na siri yangu bila kunidai chochote, na hilo linanichoma kuliko kama angenitukana.

Na nilikuwa na nafasi ya kurekebisha. Ningeomba ruhusa. Ningempigia Ronnie tena baada ya dakika chache nikamwambia vunja. Niliiangalia simu mara kadhaa. Kila nikiiangalia nilijiambia labda amejikata kidole, labda ameona panya. Nilimaliza zamu yangu yote. Nilikula chakula cha mchana, Mama, samaki, nikacheka na wenzangu juu ya mgonjwa mmoja aliyekuwa akimtongoza daktari. Asidi ikiingia machoni dawa yake ni maji, mengi, na mara moja. Hilo wanafundishwa hata wanaoanza. Pale chini kwa Ronnie kulikuwa na makatoni ya maji ya chupa yamepangwa hadi kwenye dari. Daktari wa macho alipomaliza kumpima, alituita pembeni, mimi na akina mama wa kanisa, akasema kama angeoshwa mapema, jicho moja lingepona, pengine yote mawili. Wote wakanitazama kwa huruma.

Loice aliniuliza swali moja tu. Ilikuwa siku walipomfungua bandeji, tukiwa wawili. Aliniambia kwamba pale mlangoni, viatu vilipoondoka, hakuogopa, kwa sababu alijua yule mtu ameenda kunipigia. "Nikajua sasa dada anakuja," akasema. Kisha akaniuliza kama kweli yule mtu alinipigia. Nikaendelea kukunja bandeji. Yeye mwenyewe akanijibia, akasema lazima simu yangu ilikuwa imezimwa, maana kazi ya hospitali haitaki simu. Nikamwambia eeh, huwa tunazizima. Akanipapasa mkono, akanipa pole.

Ndiyo hiyo, Mama. Mbele ya askari yeye alinikana ili anisitiri. Mimi nilimkana kwa mlinzi ili nijisitiri. Nimeshindwa kumwambia. Nimekaa naye siku baada ya siku, nimemwogesha, nimemsuka, mdomo nimeufungua mara nyingi nikaishia kumuuliza kama anataka uji. Ninaogopa atakavyoniangalia, ingawa macho yenyewe ndiyo niliyoyaharibu. Unaona mtoto wako alivyo.

Basi ninaomba jambo ambalo sina haki ya kuliomba. Ukimaliza kusoma, pumzika ukihitaji, ulie ukihitaji. Halafu kaa karibu naye umsomee barua hii yote kwa sauti, tangu mwanzo, wala usiruke pale pa Ronnie kwa sababu ya kunipenda. Akitaka kukaa kwako baada ya kusikia, chumba ni chake, si cha kukopeshwa. Akikataa kulala kwenye nyumba ya mama yangu, usimbembeleze. Muulize anataka kwenda wapi, na Kevin, ndugu yangu asiye na maneno mengi, amfikishe. Gharama zake zote, huko au kwingineko, ni zangu maisha yangu yote. Na akiamua kuwapigia ubalozi awaambie ni nyumba gani, namba yao iko nyuma ya karatasi hii. Kevin aiandike namba hiyo kwenye simu, amsaidie kupiga. Sitatoroka, na sitakanusha.

Wakala alikuja, nisije nikasahau. Aliingia, akapita kila chumba, akasema hajawahi kuona fleti safi hivi kwenye jengo lote, akatuongezea mkataba. Sijaweza kuingia bafu la nyuma tangu siku hiyo. Tiffany akirudi nitamwachia nyumba, nihamie kwingine.

Nisalimie Kevin na mkewe na watoto, hasa yule mdogo anayekataa kuniita shangazi. Wasalimie akina mama wote wa Dorkasi hapo kanisani, uwaambie waniombee, usiwaambie kwa nini hadi Loice aseme. Mpelekee shangazi Milcah kilemba nilichokiweka juu kwenye mfuko wa Tiffany. Wewe kunywa dawa zako na chakula, si bila chakula. Nakupenda, Mama. Sitapiga Jumapili hii. Nitangoja nipigiwe, na kama simu itakaa kimya, nitajua pia.

Ni mimi binti yako,
Rael Kwamboka

Nimesahau hili. Kabla sijaifunga barua nilimpa aishike, akaigeuzageuza mkononi, akasema ni nzito, akaniuliza nimemwandikia Mama nini kirefu hivyo. Nilimwambia ni salamu tu.